Kuoanisha Tenzi za Zamani na Muziki wa Kisasa katika Ibada ya Pamoja: Mtazamo kutoka Mpapura, Mtwara

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna tenzi zilizorithiwa kutoka misheni zinavyokutana na muziki wa kisasa katika ibada za Kikristo za kusini-mashariki mwa Tanzania, Mpapura ikiwa ndiyo mahali pa kutazamia. Hoja inayojengwa ni kwamba mvutano unaoelezwa kwa kawaida kuwa ni wa wazee dhidi ya vijana una mizizi pia katika lugha: mkazo wa neno la Kiswahili na pigo la mahadhi ya Ulaya havikukubaliana tangu mwanzo, na sehemu ya kile kinachoitwa usasa ni jitihada ya kuvipatanisha. Makala hayategemei dodoso wala takwimu za uwandani. Yamejengwa juu ya historia iliyochapishwa ya misheni za kusini, sifa za kiarudhi za Kiswahili, na utendaji wa kawaida wa kwaya za Tanzania.

1.0 Utangulizi

Mpapura ni kata katika Wilaya ya Mtwara, katika nchi ya Wamakonde, ambako mwaka wa mkulima huhesabiwa kwa mikorosho. Ni eneo ambalo Waislamu ndio wengi na Wakristo huishi miongoni mwao kama ndugu, majirani na wakwe. Jambo hili lina uzito katika mada yetu kuliko linavyoonekana kwa haraka. Usharika mdogo wa kijijini hauna nafasi ya kugawanyika kwa misingi ya ladha ya muziki. Katika mji mkubwa, muumini asiyependa ngoma na gitaa huweza kuhudhuria ibada ya asubuhi inayoimbwa kwa kitabu, na mwenye kupenda sifa za kucheza akaja ibada ya pili. Kijijini ibada ni moja, kwaya ni moja au mbili, na wimbo usioimbwa na nusu ya waliopo huacha nusu hiyo ikisubiri uishe.

Mjadala wa kitaaluma kuhusu muziki wa kanisa nchini umejikita zaidi katika miji na katika maeneo yenye Wakristo wengi. Kazi ya Barz (2003) kuhusu kwaya za Tanzania, ambayo ni ya msingi kwa yeyote anayeandika juu ya mada hii, imeegemea kwaya za Kilutheri za Dar es Salaam. Barz anaonesha kuwa kwaya si kikundi cha kuimba tu. Ni jamii yenye uongozi wake, michango yake, safari zake na misiba yake. Uchambuzi huo unafaa kijijini pia, ila kijijini kuna jambo la ziada: kwaya huimba mbele ya watu ambao wengi wao wameyajua mapigo yale yale mahali pengine, katika jando, katika unyago na katika ngoma za mavuno.

2.0 Tenzi zilivyofika kusini

Neno lenyewe linastahili kuangaliwa kwanza. Wakristo wa Afrika Mashariki, wa madhehebu mengi, huita nyimbo zao za kitabu "tenzi", na kitabu cha Tenzi za Rohoni kimelifanya neno hilo kuwa la kila siku. Waraka kwa Waefeso 5:19, katika Biblia ya Kiswahili, unataja zaburi, tenzi na nyimbo za rohoni kwa pamoja. Lakini utenzi, kabla ya kuingia kanisani, ulikuwa tayari na makao yake. Ni utungo wa pwani ya Waislamu, wenye ubeti wa mishororo minne, mizani minane kwa kila mshororo, na kina cha bahari kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti. Kanisa liliazima jina bila kuazima umbo. Wimbo wa kanisa unaoitwa utenzi kwa kawaida hauna bahari, na mizani yake hufuata idadi ya noti za wimbo wa Kiingereza au wa Kijerumani uliotafsiriwa. Mtu wa Mikindani aliyelelewa na tungo za utenzi angeshangaa kusikia jina hilo likitumika hivyo, na mshangao wake ungekuwa wa haki.

Njia iliyozileta nyimbo hizi kusini ilikuwa na matawi mawili makubwa. La kwanza ni la Kianglikana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA) aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar, wakapanda kutoka Lindi na kuanzisha makazi Masasi. Steere alikuwa mwanasarufi na mfasiri, na watu aliofika nao walikuwa wamekwisha kufundishwa kusali na kuimba kwa Kiswahili cha Unguja. Hivyo wimbo wa Kikristo ulifika katika nyanda za Wamakua, Wayao na Wamakonde ukiwa tayari umevaa lugha ya pwani, wala haukutungwa katika lugha za wenyeji. Shambulio la Wangoni dhidi ya Masasi mwaka 1882 liliwatawanya wengi, na kazi ikaendelea kwa nguvu Newala, juu ya uwanda wa Makonde.

Tawi la pili ni la Kikatoliki. Wabenediktini walifika Lukuledi na Nyangao katika miaka ya 1890, na baada ya Vita vya Maji Maji walianzisha Ndanda mwaka 1906. Ndanda ikawa abasia yenye mamlaka ya kijimbo mwaka 1931, na mwaka 1972 eneo lake likawa Jimbo la Mtwara. Katika tawi hili hali ya muziki ilikuwa tofauti. Misa iliimbwa kwa Kilatini, kwa mahadhi ya Kigregori, na nyimbo za Kiswahili zenye lahani za Kijerumani zilishika nafasi ya pembeni, katika ibada za watu na maandamano. Muumini Mkatoliki wa kizazi hicho alikuwa na "nyimbo za zamani" za aina mbili, moja asiyoielewa maneno na nyingine aliyoielewa.

Kuna sadfa ambayo mwandishi wa makala haya haachi kuitaja. Mwaka ule ule wa 1906, Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, alizunguka Masasi, Newala na uwanda wa Makonde akiwa na mashine ya fonografu, akinasa nyimbo za wapagazi, za ngoma na za jando katika mitungi ya nta. Kwa hiyo katika mwaka mmoja, wageni wawili wa taifa moja walikuwa kusini: mmoja akiweka msingi wa kanisa ambamo wenyeji wangejifunza lahani za Ulaya, mwingine akihifadhi lahani za wenyeji kwa ajili ya makumbusho ya Ulaya. Hakuna aliyezikutanisha.

Historia hii inasahihisha kosa moja la istilahi. Tunaposema tenzi ni "za jadi" na mapambio ni "ya kisasa", tunapanga kwa umri wa kuingia kanisani, wala si kwa asili. Kwa mzee wa Kimakonde aliyebatizwa katika miaka ya 1930, utenzi ndio uliokuwa jambo jipya, muziki wa shule, wa kitabu na wa watu wanaojua kusoma. Muziki wa jadi yake ulikuwa nje ya uzio wa misheni.

3.0 Mkazo wa neno na pigo la wimbo

Hapa ndipo kiini cha tatizo kilipo, na ndipo tafiti za fasihi na isimu ya Kiswahili zinapoweza kusema jambo ambalo mijadala ya kichungaji hulipita.

Neno la Kiswahili huwekwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ni kanuni yenye mikengeuko michache sana. Neno la silabi mbili, kama vile Bwana, Mungu, Yesu, njia au mwanga, huanza kwa nguvu na kumalizia kwa unyonge. Neno la silabi tatu, kama neema au wokovu, huanza kwa unyonge, hupanda katikati na kushuka. Neno la silabi nne kama utukufu lina nguvu yake katika "ku". Kwa vyovyote vile, silabi ya mwisho ni nyonge. Mshororo wowote wa Kiswahili unaoishia na neno kamili la silabi mbili au zaidi huishia kwa unyonge.

Sasa tuangalie nyimbo za Kiingereza zilizotafsiriwa. Sehemu kubwa ya tenzi hizo hufuata kipimo cha silabi nane na sita kwa kupokezana, ambapo mshororo huanza kwenye silabi nyonge, kabla ya pigo kuu, na kuishia kwenye silabi nzito. Wimbo wa John Newton kuhusu neema, uliochapishwa mwaka 1779, ni mfano unaojulikana na wote. Lahani ya namna hiyo inataka mshororo uishie juu ya pigo. Kiswahili hakina neno la kuweka hapo. Matokeo yake ni kwamba mwisho wa kila mshororo, bila kukosa, silabi nyonge ya neno hubebeshwa pigo zito na noti ndefu, na silabi iliyopaswa kubeba uzito hupita haraka kama kiungo.

Mwanzo wa mshororo una shida ya aina nyingine. Neno la silabi tatu huingia vizuri: "ne" hukaa kabla ya pigo, "e" hukaa juu ya pigo. Lakini neno Bwana likiwekwa mwanzo, "Bwa" hupotea kabla ya pigo na "na" ndiyo inayosikika. Wafasiri waliokuwa na sikio zuri waliliona hilo. Ndiyo sababu mojawapo ya tenzi nyingi kuanza kwa "Ee", neno fupi la kuitia ambalo hulibeba pigo la awali na kuliachia jina la Mungu pigo zito. Ndiyo sababu pia ya kudondosha viambishi vya nafsi na kutumia maumbo ya kishairi yaliyofupishwa. Mfasiri alikuwa akitafuta silabi moja ya kupunguza ili neno likae mahali pake.

Mtu aweza kuuliza kwa nini kosa hili halikuonekana na wafasiri wote, na jibu linapatikana katika arudhi yenyewe. Ushairi wa Kiswahili huhesabu mizani na kupatanisha vina, na hauhesabu mikazo. Mshororo wa mizani minane ni wa mizani minane, iwe silabi nzito zimeangukia wapi. Mfasiri aliyehesabu silabi za Kiingereza na kupata nane, akahesabu za Kiswahili na kupata nane, alikuwa na haki ya kuridhika. Kazi ilikuwa sahihi kwenye karatasi. Ilikosea mdomoni.

Ipo hoja ya kupinga ambayo haifai kupuuzwa. Mahadhi ya utenzi wa pwani nayo huvuta silabi ya mwisho, kwa sababu hapo ndipo kina kinapokaa, na hakuna msikilizaji anayelalamika. Ni kweli. Lakini mahadhi ya utenzi hayagawanywi na mapigo yanayorudi kwa vipindi sawa. Msomaji huvuta sauti kwa pumzi yake, na neno hubaki na umbo lake ndani ya pumzi hiyo. Katika wimbo wa kitabu, kinanda kinahesabu. Pigo zito linakuja iwapo neno liko tayari au haliko.

Madhara si kupotea kwa maana ya neno mojamoja, kwa kuwa katika Kiswahili mkazo hautofautishi maana isipokuwa katika mifano michache kama barabara ya kupita na barabara ya sawasawa. Madhara ni kupotea kwa mipaka ya maneno. Sikio la msemaji wa Kiswahili hutambua mwisho wa neno kwa kusikia mkazo na silabi moja baada yake. Mkazo ukihamishwa, mpaka nao huhama. Maneno "Bwana wetu" yakiimbwa kwa uzito kwenye "na" na "tu", msikilizaji asiye na kitabu husikia mfululizo wa silabi ambao akili yake inabidi iupange upya. Aliye na kitabu mkononi hapati shida, kwa kuwa macho yanasaidia sikio. Asiyesoma, au aliyesahau miwani, huimba kwa kukariri sauti, na wapo wazee wanaoimba hivyo kwa miaka mingi kwa moyo wote.

Katika Mpapura kuna tabaka la pili la lugha. Kimakonde ni lugha yenye toni, na katika lahaja iliyochunguzwa na Kraal (2005) irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho hurefushwa inapofika mwisho wa kirai. Kwa msemaji wa lugha ya namna hiyo, mwisho wa usemi una umbo mahususi: urefu kwanza, kisha ufupi. Lahani inayofupisha silabi hiyo na kurefusha ya mwisho inageuza umbo hilo kinyumenyume. Na kama usharika ungependa kuimba kwa Kimakonde juu ya lahani hiyo hiyo ya kigeni, kupanda na kushuka kwa wimbo kungegongana na toni za maneno pia. Hili ni onyo kwa wale wanaodhani kwamba kutafsiri maneno katika lugha ya kikabila kunatosha kuifanya ibada iwe ya kienyeji.

Si kila lahani ina kasoro hii. Wimbo wa Joseph Scriven wa mwaka 1855 kuhusu urafiki wa Yesu, uliotiwa muziki na Charles Converse mwaka 1868, una mishororo ya silabi nane inayoanza kwa uzito na kuishia kwa unyonge. Mishororo hiyo inakaa katika Kiswahili kama mguu katika kiatu chake. Mishororo yake ya silabi saba ndiyo inayobana. Kwa maoni ya mwandishi, kupendwa kwa baadhi ya tenzi na kusahauliwa kwa nyingine kunaweza kuelezwa kwa kiasi fulani na jambo hili, na mtafiti mwenye subira angeweza kulipima kwa kulinganisha vipimo vya nyimbo zinazoimbwa mara kwa mara na vya zile ambazo kurasa zake hazijafunguliwa.

Mapambio hayana tatizo hilo hata kidogo. Pambio hutungwa na msemaji wa lugha, kwa kawaida bila karatasi, na pigo huangukia pale ulimi unapokazia. Kiongozi hutoa mstari, wote huitikia, kisha kiongozi hubadili neno moja na wimbo huendelea. Mtoto na bibi huingia pamoja katika mzunguko wa pili. Udhaifu wake uko upande mwingine: pambio lina wazo moja. Utenzi wenye beti tano huweza kusimulia kuzaliwa, kuteswa, kufufuka na kurudi kwa Kristo, ukabeba katekisimu nzima kichwani mwa mtu asiyesoma. Paulo, katika 1 Wakorintho 14:15, anataka kuimba kwa roho na kwa akili pia, na hapa kila upande unashikilia nusu ya agizo.

4.0 Ngoma na kumbukumbu zake

Kuna fikra kwamba kusini-mashariki kanisa liliikataa ngoma moja kwa moja. Historia ni tata zaidi. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, anajulikana kwa kuingiza jando ndani ya mpangilio wa Kikristo, badala ya kulipiga marufuku. Ranger (1972), katika uchambuzi wake wa mfano wa Masasi, anaonesha kwamba jaribio hilo lilikuwa na mipaka, na kwamba waliolifanya lifanikiwe au lishindwe walikuwa mapadre, walimu na wazee wa Kiafrika kuliko askofu mwenyewe. Anaonesha pia kwamba jando la wavulana lilikubali mabadiliko kuliko mafundisho ya wasichana, ambayo wanawake waliendelea kuyamiliki.

Jambo la kuzingatia kwa mada yetu ni kwamba marekebisho ya Lucas yalihusu ibada ya mpito na hayakuhusu ibada ya Jumapili. Ngoma iliruhusiwa kuwa karibu na kanisa, kwa masharti, lakini ndani wimbo ulibaki wa kitabu. Mgawanyo huo ulifundisha vizazi viwili kwamba kuna mwili wa nje na mwili wa ndani: nje unacheza, ndani unasimama wima.

Ndipo tunapoelewa kwa nini sindimba inazua maswali Mpapura ambayo haizui Dodoma wala Mwanza. Baada ya uhuru sindimba ilichukuliwa na vikundi vya ngoma vya taifa, ikafundishwa shuleni, ikawa alama ya utamaduni wa Tanzania jukwaani. Kwaya ya mbali inapoazima mapigo yake kwa wimbo wa mavuno, inaazima kitu kilichokwisha kusafishwa na jukwaa. Kwa mama wa Kimakonde aliyechezwa unyago, mwendo ule wa kiuno haujapita jukwaani. Una mafunzo yake, mahali pake na wakati wake, na baadhi ya maneno yanayoandamana nao hayasemwi mbele ya watoto wala wakwe. Vivyo hivyo, mdundo unaoandamana na mapiko, ngoma ya vinyago, unabeba siri ya waliotahiriwa. Mama huyo akinung'unika kanisani, hasumbuliwi na usasa wala hakatai Uafrika wa ibada. Anajua ngoma hiyo vizuri kuliko kijana anayeipiga.

Kwa sababu hiyo, pendekezo la jumla kwamba "turudishe ngoma zetu kanisani" halitoshi. Lazima iulizwe ngoma ipi, ya nani, na nani anaikumbuka kwa namna gani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya mwaka 1963, kifungu cha 119, ulitaka muziki wa watu wa mataifa ya misheni upewe heshima na nafasi. Mwaka huo huo padre Stephen Mbunga alichapisha kitabu chake kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, akichambua hati za Kanisa kama mwanasheria na nyimbo kama mwanamuziki. Thamani ya kazi ya Mbunga ni kwamba hakulitazama suala la muziki wa Kiafrika kama ruhusa tu. Aliuliza ni sifa zipi za muziki huo zinazofaa nini katika ibada, na swali hilo bado linahitaji kujibiwa kijiji kwa kijiji.

5.0 Kinanda, spika na sauti ya waumini

Kile kinachoitwa muziki wa kisasa kijijini kina sura kadhaa zilizochanganyika: mapambio yaliyoenea pamoja na uamsho na makanisa ya Kipentekoste, mitindo ya gitaa kutoka Kongo, na muziki wa injili wa kurekodiwa, ambao majina kama Rose Muhando na kwaya ya Uinjilisti Kijitonyama yameufikisha kila mahali penye redio au simu. Chombo kinachoyaunganisha yote ni kinanda cha umeme chenye midundo iliyohifadhiwa ndani. Usharika ukipata fedha baada ya mauzo ya korosho, kinanda na spika huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kufikiriwa, na haishangazi, kwa kuwa mtu mmoja mwenye kinanda hutoa kazi ya wapigaji watano.

Lakini chombo hicho huja na uamuzi uliofichika. Mdundo wake hausubiri mtu. Mpigaji wa ngoma humtazama mzee anayeanzisha ubeti, humngoja avute pumzi. Mashine haimngoji. Tena mpigaji huchagua ufunguo unaofaa vidole vyake au sauti ya mwimbaji wa kike aliyemsikia katika rekodi, na wimbo hupanda mahali ambapo sauti za wanaume wazee na wanawake wasio wanakwaya haziwezi kufika. Spika hukamilisha kazi. Waumini wasiposikia sauti yao wenyewe, huacha kuimba pole pole, mwanzoni beti, baadaye hata kiitikio.

Hapa mvutano wa zamani na mpya hugeuka kuwa jambo jingine. Kwaya ya miaka ya 1950 iliyoimba kwa sauti nne, kwa noti za do-re-mi, wimbo ambao usharika haukuujua, iliwanyamazisha waumini sawasawa na bendi ya leo. Hati ya Musicam Sacram ya mwaka 1967 iliweka ushiriki wa waumini kuwa kigezo cha muziki wa liturujia, na kigezo hicho hakiulizi umri wa wimbo. Ningeongeza kwamba kijiji chenye Waislamu wengi kina sababu ya ziada ya kuchunga sauti: jirani anayesikia ibada kila wiki kupitia spika ni shemeji, na ujirani ni sehemu ya ushuhuda.

6.0 Kuoanisha kwa vitendo

Namna rahisi ya kuoanisha, na ndiyo inayotumika zaidi, ni kupanga: utenzi wakati wa kuingia na wa toba, mapambio wakati wa sadaka. Hii haioanishi chochote. Inagawa ibada katika maeneo, na kila kundi husubiri zamu yake. Namna nyingine ni kuufunga utenzi kwa pambio, yaani ubeti wa mwisho ukiisha, kiongozi hushika neno moja la kiitikio na kulizungusha kwa mwito na mwitikio. Hii ni bora zaidi, kwa kuwa pambio hupata mzigo wa mafundisho yaliyotangulia, na utenzi hupata mwili.

Namna ya tatu inahitaji ufundi, nayo inatokana moja kwa moja na uchambuzi wa sehemu ya 3.0. Mwalimu wa kwaya huchukua utenzi wenye lahani ya mwisho mzito, akahamisha mstari wa kugawa mapigo ili silabi ya pili kutoka mwisho ikae juu ya pigo na ya mwisho ishuke baada yake. Lahani inabaki ikitambulika, ila mshororo unarefuka kwa pigo moja au mawili. Nafasi hiyo inayozaliwa mwishoni mwa mshororo ndiyo mahali halali pa ngoma, kayamba au mwitikio wa sauti za chini. Wimbo uliopimwa kwa mapigo manne ukigeuzwa kuwa wa mapigo sita ya haraka, yanayoweza kusikika kama mawili au kama matatu, unaingia katika mwendo ambao wapigaji wa kusini wanaujua tangu utotoni. Ngoma hapo inafanya kazi ya kisarufi. Inalipa neno muda ambao lahani ya kigeni ililinyima.

Njia ndefu zaidi ni kutunga upya. Katika chuo cha Kilutheri cha Makumira, Howard Olson aliwahimiza wanafunzi wake katika miaka ya 1960 kuandika maneno mapya juu ya lahani za makabila yao, na baadhi ya nyimbo hizo zilikusanywa katika Lead Us, Lord (1977). Wimbo wa Pasaka wa Bernard Kyamanywa wa mwaka 1966, wenye lahani ya Kihaya, umeingia hata katika vitabu vya nyimbo vya Ujerumani. Safari hiyo ya kurudi inafurahisha, lakini inaleta swali kwa kusini. Lahani ya Kihaya ikiimbwa Mpapura ni ya Kiafrika, na bado ni ya kigeni. Hailingani na toni za Kimakonde kuliko lahani ya Converse inavyolingana. Uafrika wa jumla hauwezi kuwa kipimo. Anayetaka kutunga kwa ajili ya usharika wa Kimakonde hana budi kuanza na nyimbo zisizo na miiko, nyimbo za kulima, za kutwanga na za kubembeleza watoto, kabla ya kugusa za jando na unyago, na afanye hivyo akiwa na wanawake wazee pembeni yake kama wakosoaji.

Upo wakati mmoja ambapo mpangilio wote huu hujaribiwa bila maandalizi. Ni makaburini. Hakuna umeme, mpigaji kinanda amesimama mikono mitupu, vitabu vimebaki nyumbani, na nusu ya waliozunguka shimo ni ndugu Waislamu waliokuja kuzika. Mtu mmoja huanzisha wimbo kwa ufunguo aliouweza. Mara nyingi ni utenzi wa zamani, umepunguzwa mwendo, mishororo ikiishia pale ulimi unapopenda kuishia wala si pale kitabu kilipoandika, na kati ya mshororo na mshororo kuna nafasi ambayo sauti za wanaume huijaza kwa kuvuta neno la mwisho. Mwalimu wa kwaya anayetafuta jinsi ya kuandika noti zake upya angefanya vema kuanza kwa kusikiliza hapo.